Ng'ambo ni Wapi

Subira huvuta mafua. Ndicho nilichovuna kwa asubuhi kumi na mbili kwenye ukuta wa mto, baridi ikiwa haijaamua kuondoka, na miti ya barabarani ikichipua kana kwamba inanicheka.

Nilikuwa namsubiri shakwe mmoja. Shakwe wa mto wetu wana ncha za mbawa nyeusi, utadhani wamezichovya kwenye wino. Huyu wangu alikuwa mweupe mpaka nchani. Nilimwona mara moja, peke yangu, nikamwandika kwenye daftari la chama cha watazama ndege. Mjomba, ambaye ndiye Katibu, akaukata mstari wangu kwa kalamu nyekundu. Sheria ni mashahidi wawili.

"Jicho la mtu mmoja si ushahidi, mpwa wangu," alisema, kama vile mimi nina chongo.

Na daftari la msimu lilikuwa lifungwe Jumapili hii, saa sita mchana.

Jumapili yenyewe, saa mbili na nusu asubuhi, akatua. Juu ya paa la kituo cha pampu, upande wa pili wa maji, akaanza kujichokoa manyoya kama mwenye nyumba. Nikamwandikia Mjomba: "Shakwe mweupe yuko ng'ambo. Kimbia!"

Mjomba anaishi upande ule ule. Kutoka mlangoni kwake hadi kituoni ni hatua hamsini. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Ndege akakunjua bawa moja, kisha la pili, kama muuza vitambaa. Nikapiga simu, haikupokelewa.

Dakika ya kumi na tano nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Mjomba: suruali ya kulalia, kandambili, darubini shingoni.

"Yuko wapi?"

"Mjomba! Umefuata nini huku?"

"Hata shikamoo hakuna? Umesema ng'ambo. Nimevuka daraja mbio, na goti hili!"

"Ng'ambo ni kule! Juu ya pampu! Kwako!"

"Kwangu si ng'ambo. Kwangu ni kwangu. Ng'ambo ni huku kwenu."

"Shikamoo, basi! Tazama kule!"

Akainua darubini. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa jasho lake. Akavifuta kwa pindo la shati, taratibu, kama anayefuta sahani za wageni. Alipoiinua tena, paa lilikuwa paa tu.

"Sijaona kitu."

"Najua."

"Basi siandiki." Akaketi ukutani, akasugua goti. "Na wewe utawaandikia wanachama barua ya kuomba radhi. Umemtoa Katibu kitandani kwa neno la ovyo. Ukiiandika vizuri, msimu ujao nitakutetea."

Kazi yangu ni kwenye kiwanda cha uchapaji: kutwa nzima nasahihisha maneno ya watu kabla hayajachapwa. La ovyo nalijua.

"Ng'ambo huanzia kwenye miguu ya msemaji, Mjomba. Miguu yangu ilikuwa hapa."

"Barua, mpwa wangu."

"Siombi radhi."

"Hata kwa ajili ya goti?"

"Goti pole. Radhi siombi."