Ada ya Mwalimu Asmahani

Bi Mwanasiti wa Makorora, mjini Tanga, alikuwa ametia iliki kwenye vitumbua kwa miaka thelathini bila kujua mmea wake unafananaje. Kwa hiyo mjukuu wake Mastura alipokuja na habari kwamba darasa lao, wasichana ishirini, watapelekwa bustani ya Amani kuona miti iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia, kila mti na kibao chake cha jina, bibi aliuacha mwiko ndani ya unga.

"Na iliki ipo?"

"Ipo, bibi. Mwalimu Asmahani kasema ipo."

"Basi utakwenda. Uitazame vizuri, uje unieleze."

Mwaka ulikuwa 1956. Nauli ya mtoto, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi tatu. Kesho yake Bi Mwanasiti alizifunga kwenye ncha ya kanga akazipeleka shuleni mwenyewe, maana mambo ya mjukuu wake hakupenda kuyatuma kwa mtu.

Alipofika, mlango wa ofisi ulikuwa wazi na ndani watu wanazungumza. Mwalimu mkuu alikuwa na barua mkononi. Mbele yake walisimama walimu wawili: Mwalimu Ernesti, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mzima, na Mwalimu Asmahani, binti wa Chumbageni, ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa pili kazini.

"Shule inalipa mwalimu mmoja," mwalimu mkuu alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Nimewaandikia wakubwa wa elimu mara mbili. Jibu ni lile lile."

"Basi aende Mwalimu Asmahani," akasema Ernesti. "Mimi nitabaki."

"Na huko Amani nani atatupokea?" Asmahani akamuuliza. "Wanayemjua ni wewe, na njia unaijua wewe."

"Wala Ernesti hawezi kwenda peke yake," mwalimu mkuu akasema. "Wasichana ishirini bila mwanamke wa kuwaangalia, mzazi gani atawatoa? Hata mimi wa kwangu nisingemtoa. Ama mwende wote wawili, ama safari haipo."

Kisha Asmahani akasema, "Nitajilipia. Shilingi sita zitapatikana. Ila naomba wazazi wasijue."

Bi Mwanasiti alirudi nyuma hatua tatu, akakohoa, ndipo akapiga hodi, akazitoa zile tatu za Mastura.

Shilingi sita, nauli ya mtu mzima, kwa Asmahani hazikuwa kidogo, na Bi Mwanasiti alilijua hilo. Baba yake binti huyu alikuwa amefariki. Mama na wadogo zake wawili walikula kwa mshahara wake. Viatu vyake vilikuwa vile vile tangu aanze kazi, vimeshonwa pembeni kwa uzi wa rangi nyingine. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo bibi hakulisahau. Mastura alipougua surua, mwalimu huyu alitembea jioni tisa kutoka Chumbageni mpaka Makorora, akakaa kizingitini, akamsomea mtoto masomo ya siku kupitia pazia. Kila alipoambiwa aingie anywe chai alisema amekwisha kunywa. Bibi alikuwa na hakika kwamba hakunywa.

Siku hiyo alimngoja nje mpaka akatoka.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Shika shilingi hizi mbili. Usiniulize za nini."

Asmahani akaona kwamba amesikika. Akaufunga mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, shilingi zikabaki humo humo. "Nakushukuru, lakini siwezi. Wako waliouza kuku kupata zile tatu za nauli ya mtoto. Nikipokea kwako leo, kesho itasemwa mwalimu anachangisha, na yule asiye nacho atamzuia mwanawe. Niachie, bibi. Nitajua la kufanya."

Bi Mwanasiti alirudi nyumbani akiwa na fedha zake na aibu yake. Mtu akuchukulie mtoto, akufundishie, akurudishie salama, halafu atoe na chake? Akajitanda kanga, akaingia nyumba ya jirani yake, Saleha, ambaye binti yake alikuwa darasa hilo hilo.

"Saleha, umemfikiria mwalimu safari hii?"

"Nimemfikiria vipi? Kuku wake nimemfunga kamba toka jana. Namtilia nazi nzito. Nani kakwambia mimi bahili?"

Akaenda nyumba ya pili. Huko mwalimu alikuwa anapikiwa mkate wa kumimina. Ya tatu, samaki wa kupaka. Ya nne, kuku mwingine. Kila nyumba ilikuwa imeona haya mwalimu asile, na hapana hata moja iliyojiuliza atapandaje basi. Wote walidhani analipiwa huko huko na serikali.

Alipowarudia akawaeleza, Saleha alijipiga paja. "Yaani tumempikia mwalimu milo ishirini na kiti hana. Angekula akikimbia nyuma ya basi."

Walicheka, ingawa haikuwa ya kuchekwa.

"Tumpe tu," mmoja akasema.

"Hapokei. Nimejaribu," Bi Mwanasiti akajibu. Alikaa akifikiri, kidole shavuni. "Hapokei mchango. Lakini ada atapokea."

Wanawake walimwelewa papo hapo. Kwa desturi yao, kungwi akimchukua mwari kumfunda, njia yake na chakula chake ni juu ya nyumba anakotoka mwari. Kila nyumba hutoa sawasawa, mwenye nacho na asiye nacho, ikawekwa juu ya sinia, ikafunikwa kawa, ikapelekwa mchana mbele ya watu. Kungwi anayeikataa ada huwa amesema kwamba mtoto wa nyumba hiyo hamtaki. Asmahani alizaliwa Chumbageni. Hilo hakuwa na haja ya kuelezwa.

Waliamua kila nyumba itoe senti thelathini. Senti kumi za siku zile zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo Bi Mwanasiti akasuka ukindu mwembamba na kuzitunga humo, tatu tatu, nyumba baada ya nyumba.

Nyumba moja aliiruka. Ilikuwa ya Bibiana, mjane aliyefua nguo za watu, na ndiye aliyeuza kuku. Bi Mwanasiti alikusudia kumtolea kimya kimya. Lakini jioni ile ile Bibiana alisimama mlangoni, mikono ingali na mapovu.

"Bi Mwanasiti, nyumba yangu imekukosea nini?"

"Haikunikosea, mwanangu. Nilisema nisikutie uzito."

"Mimi si wa dini yenu, na kungwi wenu simjui. Lakini mwanangu anafundishwa na mwalimu huyo huyo." Akaweka sarafu zake tatu za senti kumi kwenye mkeka. "Zitunge hapa mbele yangu."

Bi Mwanasiti alimwomba radhi, akazitunga. Hakuona haya kuomba radhi kwa mtu mdogo kuliko yeye. Aliona fahari kuwa na jirani kama huyo.

Jumamosi asubuhi basi la Hakimuddin lilikuwa limesimama mbele ya shule, na Hakimuddin mwenyewe mlangoni akipokea nauli. Mwalimu Asmahani alikuwa anafungua kitambaa chake alipowaona kina mama wakija kwa mstari, Bi Mwanasiti mbele na sinia kichwani. Wasichana wakaacha kelele.

Sinia likatuliwa miguuni pake. Kawa likainuliwa. Ukindu wenye sarafu sitini za senti kumi ulikuwa umezungushwa kama mkufu.

"Mwalimu Asmahani," Bi Mwanasiti alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, "nyumba ishirini zinakukabidhi wari wao. Hii ni ada yako ya njia. Hakuna iliyozidi wala iliyopungua."

Asmahani alitazama sinia, akamtazama Bibiana, ambaye alikuwa ameinua kidevu. Macho yakamjaa. Akafunga tena kitambaa chake, akapiga goti, akauchukua ukindu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Nimepokea," akasema. "Na wanenu nimewapokea."

Vigelegele vilipigwa mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Asmahani akampa Hakimuddin ule ukindu. Mzee yule aliuinua, akaupima kwa mkono, asizihesabu sarafu.

"Hii nitaipeleka nyumbani kama ilivyo, mke wangu Khatijabai aione," akasema. "Mwalimu, kaa mbele karibu na dereva. Kule nyuma barabara inarusha sana."

Basi likaondoka na mwalimu mbele, na vyakula ishirini vikinukia ndani yake. Bi Mwanasiti alirudi Makorora akiwa amechelewa biashara. Wateja walikuwa wamekwisha kukaa barazani kungoja vitumbua, na mmoja wao, Uweso, mchukuzi wa bandarini, akamtania.

"Leo bibi umetuacha na njaa. Ulikuwa wapi?"

"Nilimsindikiza mwalimu. Kaenda Amani na watoto."

"Mashaallah. Nani kamlipia safari yote hiyo?"

Bi Mwanasiti aliketi kwenye kibao chake, akakoleza moto, akamimina kitumbua cha kwanza ndipo akajibu.

"Sisi," akasema.