Binti wa Kutolewa Mfano

Fundi cherehani mmoja mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikafumuka pindo. Ndiye aliyeanza kupita nyumba kwa nyumba baada ya vijana wawili kuokotwa nyuma ya kituo cha kuoshea magari, mate yakiwatoka, hawajitambui. Aliwaambia watu kwamba vidonge vile vya kulevya vitawamaliza watoto wote iwapo kila mzazi ataendelea kufunga mlango na kubeba mzigo wake peke yake. Akambembeleza mwalimu mkuu atoe darasa, akamwendea nesi wa zahanati, kocha wa mpira, msusi, na mwenye duka la mikate. Wote walikubali kwa mdomo. Mkutano wa kwanza walikuja wachache, wakanywa soda, wakailaumu serikali, wakaenda zao. Wa pili ulikuwa vilevile, ila soda hazikuwepo.

Mkutano wa tatu alimsihi mdogo wake aje, angalau viti visibaki vitupu. Mdogo wake hakupenda mikusanyiko, lakini dada mtu akishaomba utafanyaje? Alikuja, akakaa karibu na dirisha, mkoba mapajani.

Siku hiyo, kumbe, darasa lilijaa. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwenye duka la mikate aliposimama na kusema, kwa upole kabisa, kwamba watu wasidanganyane, balaa hili ni la nyumba zisizo na malezi. Vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Mama Pindo aliona mkutano unamponyoka. Damu ikamchemka, mdomo ukatangulia akili.

Alisema yupo binti mmoja, damu yake mwenyewe, aliyelelewa kwa adabu zote. Akaeleza alivyokutwa sakafuni bafuni. Akaeleza alivyouza sufuria za mama yake moja baada ya nyingine mpaka jikoni likabaki birika, na jinsi mama huyo alivyomwogesha kama mtoto mchanga, huku analia. Jina hakutaja. Alisimulia vizuri, akashusha sauti palipouma, akanyamaza palipotaka kunyamaziwa. Msusi alifuta machozi. Makofi yalipigwa, na mwenye duka la mikate akawa wa kwanza kusimama na kuomba radhi. Akasema atatoa ghala lake vijana wapate pa kujifunzia kazi. Kocha akajitolea jioni zake. Kabla jua halijatua mtaa ulikuwa na umoja wake, na Mama Pindo ndiye mwenyekiti.

Alipogeuka kumtafuta mdogo wake wafurahi pamoja, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo alipozinduka. Alikuwa na mdogo mmoja tu, na mdogo wake alikuwa na binti mmoja tu. Nani mtaani asiyejua kuhesabu hadi moja?

Binti huyo aliuza mikate. Alikuwa ameacha vidonge tangu mwanzoni mwa mwaka, na dukani hakuna aliyejua habari zake. Kila asubuhi alisimama kaunta na aproni yake nyeupe, akiwahudumia watu kwa bashasha. Siku moja tu baada ya mkutano, mwenye duka, yuleyule aliyesimama wa kwanza kuomba radhi, alimhamishia nyuma kuosha trei. Alimwambia ni kwa muda tu, wateja wana maneno.

Mama Pindo alipopata habari hizo alifunika cherehani akaenda kwa mdogo wake. Njiani alipanga maneno: jina hakutaja, nia ilikuwa njema, umoja umepatikana. Alipofika mdogo wake alikuwa uani anaanua nguo. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Siku ile ya bafuni nilimwita mtu mmoja tu," alisema, akikunja shuka. "Nilikuita wewe, dada."

Mama Pindo akaomba msamaha.

"Na mkutanoni ulinisihi nije. Ukanikalisha pale nisikilize."

Hilo lilimchoma zaidi, kwa sababu alipokuwa akisimulia alikuwa amesahau kabisa kwamba mdogo wake yumo. Alikuwa anatazama nyuso za watu. Na makofi yale, jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mtu, yalikuwa yamemkolea utamu.

Binti akaingia kutoka kazini, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Akamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," kwa heshima ya siku zote. Afadhali angemtukana.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea."

"Ningekuja kuyasema mwenyewe," binti alisema taratibu. "Nilikuwa sijafika hapo tu."

Mkutano uliofuata Mama Pindo alisimama akasema kisa kile hakikuwa chake, alikichukua bila kuomba. Akaachia uenyekiti, nesi akaushika, na wakakubaliana kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayetolewa mfano tena. Mwenye duka la mikate, Mama Pindo hakumgusa kwa maneno mbele za watu. Alimfuata baadaye, kwa mlango wa nyuma, akamuuliza hao wa ghalani wanafundishwa kazi ili wakaajiriwe na nani. Bwana yule alitazama viatu vyake. Akamrudisha binti kaunta, lakini binti alishukuru, akavua aproni, akaenda kuanza kazi kwa msusi.

Umoja ulisimama. Ghalani vijana walikuja, wengine wakashika kazi, wengine wakarudi walikotoka. Mama Pindo aliwafundisha kukata na kushona, na kila mtu alipomsimamisha njiani kumsifia maneno ya siku ile, uso ulimwaka akatamani ardhi ipasuke.

Mdogo wake hakumnunia milele. Walirudi kutembeleana, hata kucheka. Siku moja, akiwa anapiga pasi, mdogo wake alimwambia, kama anayezungumzia mvua, kwamba miezi ya nyuma binti aliteleza tena, akaugua juma zima, akanyanyuka. Mama Pindo hakuwa na habari yoyote. Alisema pole, akavuta shati jingine kutoka kwenye rundo na kumnyooshea. Hakuuliza safari hiyo mdogo wake alimwita nani.