Nani Atamkamua Chelel

Priscah Chepyegon alikuwa amelala chali katika wodi ya wanawake, nyonga imevunjika, akimwimbia ng'ombe.

Aliishikilia simu mdomoni na kuimba ule wimbo wa kukamulia, unaomtaja ng'ombe kwa jina na kuisifu rangi yake. Nyumbani, ng'ambo ya vilima viwili vya chai, mwanawe Aron alikuwa ameielekeza simu yake kwenye sikio la Chelel, ng'ombe wa kizungu mwenye madoa, akingoja maziwa yashuke. Hayakushuka. Wodi nzima ilisikia mlio wa ndoo ikipigwa teke.

"Mama, mwambie anisalimie ndama," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili, na wenzake wakacheka hadi wakashika mishono yao.

Janeffer hakucheka. Alisimama miguuni pa kitanda na chupa ya uji mkononi, akimtazama mamake kama anavyotazama gunia la majani yaliyochakaa. Ndiyo kazi yake. Ni mkaguzi wa majani katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, na mtu hamdanganyi kwa kupanga majani mawili na chipukizi juu ya gunia huku chini amejaza vijiti. Aliomba ruhusa ya siku chache mara alipopigiwa kuwa mama ameteleza akibeba mkebe wa maziwa. Alidhani anakuja kumwona mgonjwa. Amekuta tatizo si mgonjwa, tatizo ni ng'ombe. Na ukilichimba zaidi, si ng'ombe.

Daktari Opiyo alifika, akavuta pazia, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema haya jana.

"Mama, mfupa huu hauungi kwa kulala. Nafasi ya upasuaji iko leo mchana. Ukikaa hivi, damu inaganda miguuni na mapafu yanajaa maji. Watu wa umri wako hawafi na nyonga. Wanakufa na kitanda."

"Daktari, nimekusikia. Lakini mimi niko na ng'ombe."

"Ng'ombe ana watu."

"Hana. Nifunge bandeji nzuri, niende nyumbani, nitakamua nikiwa nimekaa kwa kiti."

"Na kijana wako? Si umesema uko na kijana mkubwa?"

"Aron ni mwanaume," alisema Priscah, kana kwamba daktari alikuwa kitu kingine. "Kwetu mwanaume hachuchumai chini ya ng'ombe."

Janeffer aliweka chupa ya uji chini. "Mama, Mzee Kiptum ni mzee wa kanisa. Anakamua kila asubuhi na kupeleka maziwa mwenyewe."

"Kiptum hana mke."

"Hata Aron hana."

"Aron ana mimi."

Daktari alijifanya kusoma kadi. Priscah akamgeukia bintiye, na sauti ikalainika, ile sauti ambayo tangu utotoni ilimtuma Janeffer kwenda kuni, kwenda mtoni, kwenda jikoni.

"Jane, lakwenyun, mtoto wangu. Mambo ni rahisi. Wewe mkono wako Chelel ataukubali, ni mkono niliofundisha mimi. Nenda ukae pale nyumbani mpaka nipone. Ukiniahidi utakamua, naweka kidole kwa hiyo karatasi ya upasuaji sasa hivi."

"Kupona ni miezi, mama. Na kazi yangu?"

"Kazi ya kiwanda utapata nyingine. Ndugu ni mmoja."

Hapo hasira ikampanda Janeffer kutoka kwenye nyayo. Si kwa sababu mama alikosea, bali kwa sababu alikuwa amepiga hesabu vizuri. Alijua Janeffer hangekubali afe na kitanda. Alijua pia kwamba ahadi ya Janeffer ni ahadi. Ameiweka nyonga yake mwenyewe rehani ili mtu mzima wa miaka thelathini na moja asilowe mikono.

Angeweza kudanganya. Aahidi, kidole kiwekwe, halafu arudi kazini. Lakini uwongo ungedumu hadi mama aamke, na baada ya hapo angetoka hospitalini kwa magongo kwenda zizini.

"Siahidi," alisema. "Sitamkamua huyo ng'ombe. Lakini atakamuliwa. Daktari, tafadhali mtushikie hiyo nafasi."

"Nitaishika mpaka saa nane."

"Wewe una roho ya jiwe," mama alimwambia.

"Uji uko hapo," alisema Janeffer, akatoka.

*

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yao Mongina langoni, akipangusa tope kwenye leso. Mongina alitoka Kisii zamani na mumewe, wakanunua kipande cha shamba, na tangu hapo hakuwahi kumwonea mtu haya.

"Huyo ng'ombe wenu amenirusha, nikaona nyota mchana," alisema. "Nilisema nisaidie, kiwele kimekuwa kama mtungi. Lakini mimi sirudi tena, Jane. Mimi nimelea vijana watatu. Wanakamua, wanapika, wanafua mpaka leso yangu. Huyu wenu mlimweka kabatini kama vikombe vya wageni."

"Si mimi niliyemweka."

"Basi nenda ukamtoe. Na usikie, kuna jambo jingine. Amevaa nguo za mamako."

Ilikuwa kweli. Aron alikuwa ndani ya zizi, jitu refu la mabega mapana, amejibana ndani ya sweta ya kijani ya mama, mikono ikiishia karibu na viwiko, na kitambaa cha mama kichwani kimefungwa chini ya kidevu. Watu wa huko hufanya hivyo. Ng'ombe aliyezoea mkono mmoja huficha maziwa, na mwenye kumshika badala yake huvaa nguo za mkamuaji ili harufu imdanganye. Huwa inafaulu. Lakini aliyezivaa huwa anajua la kufanya baada ya kuzivaa.

Chelel alikuwa amesimama pembeni, miguu ya nyuma ameitanua, kiwele kimevimba na kung'aa. Alitoa mlio mmoja mzito.

"Sista!" Aron alisema, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeona mzazi langoni mwa shule. "Asante Mungu. Hata simu ya mama imezima chaji. Shika ndoo."

"Sikuja kushika ndoo."

"Kamua tu leo. Kesho tutaona."

"Leo ndiyo iliyokufikisha hapa. Vua hizo nguo."

"Lakini harufu—"

"Vua, Aron. Lete hiyo simu pia."

Alivua. Janeffer alisimama nje ya mbao za zizi, akatia mikono mifukoni mwa koti. Mikono ilimwasha. Aliijua kazi ile tangu akiwa na miaka saba. Mama alikuwa amekaa nyuma yake, vidole vya mama juu ya vidole vyake, na alipokosea alipigwa kwa mwiko kwenye vifundo. Ng'ombe alikuwa akiumia mbele yake, na dakika chache zingetosha. Akaikunja mikono humo humo mifukoni.

"Umemwosha?"

"Kumwosha nini?"

"Kiwele, Aron. Maji ya moto na kitambaa."

"Maji ya moto yako wapi?"

"Sijui. Mimi siishi hapa. Wewe ndiye unaishi."

Alimtazama dada yake, akangoja. Alikuwa amezoea kwamba ukingoja, kitu hutokea. Safari hii hakikutokea. Mwishowe akaenda jikoni, na kwa muda mrefu zikasikika sufuria zikianguka. Alirudi na maji, akachuchumaa, akashika chuchu na kuivuta kama anayeng'oa magugu. Chelel akampiga teke la paja.

"Ona!" akapiga kelele, akiruka nyuma. "Amekataa! Nyinyi mnataka aniue!"

"Ukivutwa sikio hivyo, hata wewe ungepiga. Usivute. Bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu funga vingine kimoja kimoja kushuka chini."

"Mbona unanifokea? Kwani hujui kwamba sijui?"

"Najua hujui! Nauliza kwa nini hujui! Mama amelala kule mfupa umekatika, amekataa kufanyiwa upasuaji, kwa sababu yako. Umesikia? Kwa sababu ya maziwa ya chai yako!"

Aron alimgeukia. Hakuwa ameambiwa. Mama alikuwa amemwambia kwamba anakuja nyumbani, tena upesi.

"Amekataa?"

"Amekataa. Anataka niache kazi nije nikukamulie. Nisipokuja, atakuja mwenyewe. Daktari amesema hatafika mbali."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Alipoinua uso haukuwa tena ule wa langoni mwa shule.

"Na wewe unadhani mimi ninapenda?" alisema polepole. "Nikienda pale kwa wenye pikipiki, vijana wananiita Mama Aron. Si Aron. Mama Aron. Wewe ulikuwa Kericho, hujui. Nilipotoka jandoni, nilikuja hapa asubuhi moja kabla hajaamka, nikakamua. Nusu ndoo, Jane. Nikaiweka mezani. Unajua alifanya nini?"

Janeffer aliegemea mbao za zizi.

"Alimwagia mbwa. Akasema nimeingiza uchafu, akaja akamkamua upya. Nikichuma chai, ananifuata nyuma akichuma tena mstari ule ule. Nikitandika kitanda, anatandua. Nikasema basi. Kama kila kitu kitafanywa mara mbili, acha kifanywe mara moja, na yeye."

Lilikuwa jambo ambalo Janeffer hakulijua. Alilipima jinsi anavyopima kila kitu, akaona lina uzito, na bado halikujaza mizani.

"Hiyo ni makosa yake," alisema. "Lakini ulikuwa kijana wa miaka kumi na tano, na sasa una ndevu. Hii miaka yote katikati, ni nani alikuwa anakulisha kwa mkono? Ulifungua mdomo mwenyewe."

"Wewe ni mbaya."

"Nimeambiwa leo. Lete ndama."

"Ndama wa nini?"

"Amnyonye kwanza. Ng'ombe hasikii simu, anasikia ndama. Ndama akianza kutoa povu mdomoni, unamfunga pembeni, unakamua."

Ndama aliburutwa, akajitupa chini ya kiwele. Chelel aligeuza shingo akamlamba mgongo, na miguu yake ya nyuma ikalegea. Aron akamfunga ndama, akakaa, akashika. Hakuna kitu. Akashika tena, akibana polepole huku midomo ikihesabu vidole. Uzi mwembamba ukagonga ndoo, ukakatika, ukagonga tena.

"Jane! Jane, inatoka!"

"Nimesikia. Usipige kelele."

Alikamua vibaya, kwa pupa, nusu ikimwingia kwenye mkono wa shati. Alibadilisha mkono kila mara kwa sababu vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Kwenye chuchu ya nne yalitoka mabonge, kama mtindi.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni kiwele kuugua. Ni kukaa na maziwa."

"Sasa tunafanya nini?"

Janeffer alijua jibu. Aliuma ulimi kusudi.

Aron alimtazama, akatazama ndoo. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu. Mongina ako na namba ya daktari wa mifugo."

Alimpa.

*

Priscah alipigiwa baadaye kidogo kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Aron aliongea mwenyewe, amesimama wima, maziwa yamekauka kwenye shati.

"Mama, nimemkamua."

Priscah akauliza: "Nani amemkamua?"

"Mimi. Chuchu moja inaugua, daktari wa mifugo anakuja kumdunga. Zingine ziko sawa."

"Mpe Jane simu." Na alipopewa: "Jane. Usinidanganye nikiwa kitandani. Ni wewe?"

"Sijamgusa, mama."

"Alivaa sweta yangu?"

"Aliivua."

"Na ng'ombe akakubali? Bila mimi kuimba?"

"Akakubali."

Janeffer alingoja shukrani, au angalau pumzi ya kutua. Kilichokuja kilikuwa ukali ambao hakuwa ameusikia tangu enzi za mwiko.

"Mmefurahi sasa! Ng'ombe wangu mmemharibu kiwele, na mtoto wangu mmemkalisha kwenye mavi kama kibarua. Mlikuwa mnangoja tu nianguke! Basi, kama hakuna mwenye haja na mimi, wanikate. Wakitaka wakate miguu yote miwili. Nesi! Lete hiyo karatasi!"

Simu ikakatika.

Daktari Opiyo alipiga muda si mrefu. Kidole kimewekwa, alisema, anaingizwa chumba cha upasuaji. Akasita. "Mamako ana hasira sana. Wauguzi wote wamepata yao. Kuna tatizo?"

"Presha yake iko sawa?"

"Iko juu kidogo, si vibaya."

"Basi hakuna tatizo, daktari. Mfupa haujali."

Alirudisha simu mfukoni na kugundua kwamba hasira haikuwa imepungua hata chembe. Ilikuwa imekosa tu mahali pa kukaa. Mama angetoka kule na chuma kwenye nyonga, na jambo la kwanza angeuliza ni kama Aron amekula.

Aron alisimama mbele yake na mkebe.

"Sista," alisema, "haya maziwa yanapelekwa wapi?"

Miaka thelathini na moja kwenye boma lile, na gari la chama cha ushirika hupita kuchukua maziwa kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na yeye hajui.

"Gari la leo lilipita zamani," alisema. "Haya, na ya kesho, kamuulize Mongina."

"Atanicheka."

"Atakucheka."

Alitazama barabara, akatazama mkebe, akangoja kidogo kwa mazoea. Kisha akaubeba, akaanza kwenda. Aliushika vibaya, ulimgonga goti kila hatua, na maziwa yakamrukia kwenye viatu. Janeffer alibaki pale pale, mikono mifukoni, asimfuate.