Aliyegeukia Ukuta

"Una kitu chochote cha kutoa mdomoni?"

Nilimuuliza mama huku nacheka, kwa sababu sheria ya jimbo ilitaka nimuulize kila mtu, na huyu alikuwa mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtihani, aproni ya madini ya risasi, ya kukinga miale, imemlemea kifuani, viatu vyake vya theluji vinachuruzika maji sakafuni.

"Kitu gani tena? Hakuna," akasema. "Piga picha zako, Odile, baba yako anaganda huko garini."

Asubuhi ile hakupaswa kuwa yeye. Mtihani wa eksirei ya meno ulikuwa na desturi yake: kila mtahiniwa huja na mtu wake, akampiga picha za kinywa kizima mbele ya msimamizi. Wangu alikuwa jirani yetu Fernande, mwanamke mwenye meno makubwa kama ya punda na asiyeona haya kuyaonyesha. Theluji ikaganda usiku, Fernande akateleza kwenye ngazi zake, akavunjika mkono. Nikabaki jikoni na simu mkononi, nalia kama mtoto.

Nilikuwa na haki ya kulia. Tangu niache shule nilikuwa napaka gundi soli za viatu kiwandani hapo mjini kwetu Lewiston, Marekani, na harufu ile ilinifuata hadi kanisani Jumapili. Daktari Pelkey wa meno alinichukua nimwoshee vyombo vyake vya kazi, akaona nina mkono mwepesi. "Nakutaka uwe msaidizi wangu kamili," aliniambia, "lakini bila cheti cha jimbo mashine ile usiiguse hata kwa kidole. Na kukungoja mpaka mwaka ujao siwezi, binti." Kukosa cheti ilikuwa kurudi kwenye gundi. Kwa hiyo mama alipojifuta mikono akasema, "Haya, twende, hata mimi nina mdomo," nilimkumbatia bila kumtazama usoni.

Filamu ya kwanza nikaipeleka chumba cha giza, nikaiosha, nikainyanyua kwenye taa. Mahali pa mizizi ya meno ya mbele hapakuwa na kitu. Palikuwa na weusi mtupu, na vijiwaya viwili vyeupe vimeyashika meno ya pembeni.

Nilisimama pale, na mambo ya nyumbani yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Mlango wa bafu uliofungwa kwa ufunguo kila usiku. Kiganja kilichopanda mdomoni kila mama alipocheka. Matufaha, ambayo hakuwahi kuyang'ata. Baba ndiye aliyemkatia vipande kwa kisu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama alificha, akazaa watano, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Pengo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa vile vijiwaya: filamu yenye chuma imeharibika, na nikiendelea hivyo nimeanguka. Msimamizi, Bwana Haskell, alikuwa nyuma ya kioo anatazama saa. Neno moja tu lingetosha: vua. Lakini nilimwona mama alivyojipaka rangi ya midomo kwa ajili yangu, ile ya Pasaka, na moyo ukanikatika.

Nikamwinamia. "Mama, mashine imenigomea. Twende zetu nyumbani."

Hakusoma sana mama yangu, lakini uongo wangu aliujua kuliko mimi mwenyewe.

"Mashine haijagoma," akasema polepole. "Geukia ukuta kidogo."

Nikageukia ukuta. Nilipoambiwa "haya," nikageuka, naye akaniwekea kwenye kiganja cha glavu meno manne ya bandia, bado yana joto lake. Mdomo wake ulikuwa umeingia ndani. Alikuwa bibi kizee ghafla, na nilimpenda mpaka nikaumia.

"Niling'olewa yote manne siku moja, nikiwa msichana mdogo," akasema, maneno yakivuja hewa. "Baba yangu alisema bora tumalize shida kwa mkupuo. Hayo akaninunulia zawadi ya harusi, bwana harusi asije akaona kasoro. Baba yako hajui. Na asijue."

"Hatajua, Mama."

"Basi piga. Na usilie, utaharibu picha."

Nikapiga. Kila filamu ikatoka safi.

Cheti kilifika barafu ya mtoni ilipoanza kupasuka. Baba alipanda kiti cha jikoni akitundike ukutani, kwa sauti kubwa akilaumu msumari, nyundo na aliyeijenga nyumba. Mama alikuwa dukani. Baba akashusha nyundo, akauliza bila kugeuka:

"Siku ile ya mtihani, alikutolea?"

"Alinitolea nini?"

"Odile. Nimelala na mama yako miaka yote hii."

Nikamshikia kiti kisiyumbe. Nilikuwa nimeahidi. Akagonga msumari mara moja, akautazama kama umemkosea.

"Akitoka bafuni mimi nageukia ukuta," akasema. "Ayatoe hayo meno kitandani kwa nafasi yake. Bega lenyewe limeshakufa kwa kulalia upande mmoja, na yeye kila siku ananikanda dawa na kunigombeza kwamba ni uzee."

Mlango ukafunguka. Mama akaingia na mfuko wa vyakula, akakitazama cheti, akasema kimekaa kombo. Baba akashuka kitini, akatoa tufaha moja kwenye ule mfuko wa vyakula, akakaa mezani akaanza kulikata vipande vyembamba.