Wa Kuitikia

"Mama Rogathe, hivi huyo binti yako anaimba, au anagombana na mtu humo ghalani?"

Jirani yangu Natalia aliniuliza hivyo siku moja, amesimama upande wake wa ua na jembe begani. Nikamwambia anaimba.

"Basi huyo anayeimbiwa ana kesi," akasema, akacheka peke yake.

Sikumlaumu. Rogathe haimbi kama sisi wa kwaya. Anaanza chini, kama mtu anayemwuliza mtoto panapouma, halafu anapandisha ghafla mpaka mishipa ya shingo inasimama na kuku wanakimbia. Nyimbo zote katunga mwenyewe. Hakuna kampuni iliyomshika. Alirekodi kwa simu mle ghalani, kwa sababu magunia ya mahindi yanameza mwangwi. Sasa alikuwa anakwenda kuziimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, Jumapili mchana, ukumbini Mbulu mjini. Idrisa wa duka la redio alishakubali kumwazima spika.

Shida ilikuwa wimbo wa mwisho. Aliutunga kwa mtindo wa slufay, sala ya wazee wetu Wairaqw. Mmoja anatamka mstari, wengine wanaguna kumwitikia. Ukiguna umekubali, maneno yanakuwa yako pia. Na wanaoitamka ni wanaume wazee, siyo msichana mwenye gitaa la umeme.

Wiki hiyo shemeji yangu Bura alikuja nyumbani. Ni kaka wa marehemu mume wangu, Yohanes, na kwa mila ndiye baba wa watoto wangu sasa. Ndugu hao waligombania mpaka wa shamba. Yohanes alipougua, kila mlango ulipolia aliuliza kama ni kaka yake. Bura alikuja kuzika.

"Shikamoo, baba mkubwa," Rogathe akamwamkia.

"Marahaba. Nasikia unataka kuwasalisha watu kwa umeme."

"Karibu Jumapili, baba mkubwa. Nahitaji wa kuitikia."

"Ukithubutu kuutamka huo mbele za watu, mimi si baba yako. Siku ya posa, washenga wakae waongee na hilo gitaa."

Akaondoka, chai hakugusa. Nikamwambia Rogathe auache huo mmoja, hizo nyingine zinatosha.

"Mama, hizo nyingine zote ni njia ya kufika kwenye huo."

Nikasali rozari kwa nia mbili: mtoto aimbe, na asibaki bila baba mara ya pili. Niliona wazi kwamba nia hizo hazikai chungu kimoja. Nikamwachia Mama Maria apange mwenyewe.

Jumapili ukumbi haukujaa. Vijana walikaa mbele na simu zao, sisi watu wazima nyuma. Bura naye alikuja, akakaa kiti cha mlangoni, fimbo mapajani. Nilijua amekuja kuona kama mtoto atathubutu.

Rogathe akaimba. Kwenye wimbo wa tatu Natalia alikuwa anajifuta macho kwa khanga. "Kumbe mwenye kesi ni mimi," akaninong'oneza.

Ukafika ule wa mwisho. Akaliacha gitaa lining'inie.

"Ng'ombe warudi salama."

Wazee wakamtazama Bura kwanza. Wale vijana hawakujua kwamba wanangojwa. Waliinua simu tu. Slufay isiyoitikiwa ni mtu anayeongea peke yake njiani, na nikaona uso wa mwanangu unaanza kulegea.

"Mvua ije kwa upole."

Nyuma yangu mtu akaguna. Nikageuka. Alikuwa Bura. Koo la mzee limezoea, likisikia mstari linajibu lenyewe. Alishtuka, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini wazee wenzake walishamfuata. Mstari uliofuata waliguna wote, na vijana wakajifunzia hapohapo. Gitaa likaingia kwa nguvu, vioo vya madirisha vikatetemeka.

Kisha akalinyamazisha.

"Mgonjwa aliuliza, nani yuko mlangoni? Tukamwambia ni upepo."

Wakaguna.

"Aliyechelewa kumwona ndugu yake, na aingie. Akae karibu na moto. Hatumdai neno."

Hakuna aliyeguna. Watu wa rika letu walijua mstari huo ni wa nani, na vijana walituangalia sisi. Nami nilijizuia. Haukuwa wangu wa kuitikia.

Rogathe akaurudia, polepole, macho kwenye kiti cha mlangoni, machozi yamefika shingoni.

Bura aliitazama fimbo yake. Halafu akaguna, chini, mara moja, kama mtu anayetua mzigo. Ukumbi wote ukaguna nyuma yake.

"Asante, baba," Rogathe akasema. Neno mkubwa hakuliweka.

Bura akavaa kofia yake, akausukuma mlango taratibu usipige kelele, akatoka.