Fuata Kulia Kwake

Ringi ya mbele ya baiskeli ya baba niliipinda mimi. Nilikuwa natoka kusaga, mfuko wa unga umefungwa nyuma, tairi likaingia mtaroni. Sikuanguka, lakini tangu hapo gurudumu likawa linagusa breki kila likizunguka: shwa, shwa. Niliikokota hadi nyumbani, nikaiegemeza ukutani, nikanyamaza. Nina stashahada ya maabara, ila neno "nimekosea" bado hunikwama kooni.

Asubuhi yake baba aliizungusha, akasikiliza, asiulize kitu. Baba ni Mwalimu Lemburis, anafundisha kwaya usharikani kwetu hapa Kisongo. Magoti yake yamekataa mwendo mrefu, lakini na pedali hayana ugomvi. Mwezi uliopita alianguka nayo, na kaka Lucky akaapa: ikiharibika tena, anaipeleka kwenye chuma chakavu. Jioni hiyo hiyo Lucky angekuja kutoka Sekei kutusalimia.

"Inyooshe, Silantoi," baba aliniambia. "Spana ya spoku iko kwenye lile kopo. Sasa, kila spoku..."

Honi ikalia barabarani. Lilikuwa gari la kumpeleka mazishini Kikwe. Akapanda, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Usikaze hovyo! Fuata kulia kwake!"

Nikafuata. Niliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, nikahakikisha mara mbili kulia kwake ni upande gani, nikakaza spoku zote kumi na nane za upande huo, kila moja nusu mzunguko. Ringi ikazidi kwenda kulia. Nikadhani sijakaza vya kutosha, nikarudia. Saa tisa gurudumu lilikuwa limenasa kwenye uma unaolishika, halizunguki kabisa, nami nimekaa juu ya ndoo machozi yananitoka.

Baba alinikuta hivyo. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama kawaida yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekufa huku? Mimi nimetoka kuzika Kikwe."

"Nimefuata kulia kwake, baba. Zote za kulia nimezikaza."

Alinitazama, akatazama gurudumu, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu! Kulia kwake, inavyolia! Ukiigusa spoku inalia, si unajua? Unafuata sauti. Mimi sikutaja mkono wa kulia, na wala sikusema ulie wewe."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Aliketi kwenye kigoda, akaniamuru nirudishe nyuma zote nilizokaza. Kisha akafunga kijiti cha ufagio kwenye uma, ncha yake ikikaribia ringi, ili tuone inapogusa. Akagusa spoku moja kwa ukucha. Ting.

"Hiyo ndiyo noti yetu ya so. Ishike."

"Niishike vipi?"

"Kwa mdomo! Mimi siwezi kuimba na kukaza kwa pamoja."

Kwaya niliiacha miaka mitatu iliyopita, siku sauti yangu ilipokatika mbele ya usharika mzima. Niliangalia kama kuna mtu njiani. Nikaimba, chini chini. Baba akagusa spoku za kushoto pale ringi ilipopinda. Tup. Tup. Zilikuwa zimelegea. Akakaza robo, akagusa, akakaza robo tena, hadi zikakutana na sauti yangu. Baadaye akanipa spana, akabaki kunyoosha kidole tu.

Lucky aliingia tukiwa tumebakiza kidogo. Aliona baiskeli miguu juu, uso ukabadilika.

"Shikamoo, baba. Si nilisema?"

"Marahaba. Zungusha kwanza, wewe fundi wa maneno."

Lucky akazungusha, akainama. Kijiti kilikaa kimya, kikagusa mahali pamoja tu. Tik. Tik.

"Bado inagusa."

"Hata wewe una upande unaogusa, na mama yako hakukupeleka kwenye chuma chakavu."

Lucky hakucheka. "Baba, umeumia wapi safari hii?"

Baba akaangalia spana mkononi mwangu. Hapo nikaelewa kwamba tangu asubuhi alikuwa anajua.

"Ni mimi," nilisema. "Kaka, ni mimi niliyeipinda, mtaroni. Baba hajaanguka."

Lucky alinikazia macho, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Mungu wangu, Silantoi. Mimi usiku nawaza miguu ya mzee, kumbe ni wewe na unga wako!"

"Kwa hiyo chuma chakavu?" baba aliuliza.

"Labda tumpeleke huyu."

Akaigeuza baiskeli mwenyewe, akaisimamisha kwa magurudumu, akafuta kiti kwa kiganja. Baba akapanda kwenda mazoezini, kijiti kikiwa bado kwenye uma. Mimi na Lucky tulisimama getini tukisikiliza: tik, tik, tik, hadi asisikike tena.