Mpaka Mwenyewe Aitikie

Siku ya nne baada ya mazishi ya baba yake, mshonaji alisikia hodi, akafungua mlango, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alisimama mzee asiyemjua, kitabu kwapani.

"Pole, binti yangu. Mimi ndiye yule meneja."

Meneja aliyemfukuza baba kiwandani kwa kuongoza mgomo!

"Umekuja kuhakikisha amekufa?"

"Nimekuja kurudisha kitabu chake. Miaka sita tunaazimana. Mimi nasoma vyake vya haki za wafanyakazi, yeye anasoma vyangu vya soko huria. Hatukukubaliana hata jambo moja." Mzee akamnyoshea kile kitabu. "Sasa nitabishana na nani?"

Mshonaji akakumbuka kitabu kilichokutwa chini ya mto wa marehemu. Akakileta, akakifungua: kilikuwa cha soko huria. Pembeni, kwa mwandiko wa baba: *Hapa anasema kweli, na inaniuma.*

Baba alifundisha darasa la Jumamosi katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi, kwa kanuni moja: humpingi mtu mpaka uieleze hoja yake, mwenyewe aitikie kwa kichwa.

"Aliniahidi Jumamosi hii ataieleza hoja yangu darasani," mzee alisema.

"Mimi siiamini hata chembe."

"Hata yeye hakuiamini."

Mshonaji akautazama tena mwandiko wa baba. "Basi njoo. Nitaieleza mimi."

Jumamosi hiyohiyo wanachama walikuwa wamchague mrithi wa darasa, na hakuna alichokitaka mshonaji kama kiti kile cha baba. Ukumbini shoga yake, mpiga pasi, alimvuta kando. "We dada, una wazimu? Leo chukua kura, hayo useme wiki ijayo."

"Baba aliahidi leo."

Akaieleza hoja ya mzee bila kejeli: kwa nini anayeogopa hasara hafungui kiwanda, kwa nini serikali yenye huruma nyingi huweza kugeuka bwana.

"Baba yako hajapoa kaburini, umeshanunuliwa!" mkata vitambaa alipayuka. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Na nguo tunashona wenyewe!" mwingine akadakia. Wakacheka, kisha mabenchi yakaburuzwa, watu wakaanza kutoka.

"Mwalimu wetu ni mkata vitambaa!" ikasikika mlangoni, na mikono ikainuka kumpigia kura.

Mfukoni mshonaji alikuwa na kurasa nne za kuipinga hoja ile. Angezitoa, wangerudi. Alizigusa, akaziacha. Akaendelea mpaka ukumbi ukabaki na mzee yule peke yake, benchi la nyuma.

Alipofika neno la mwisho, mzee alifuta macho, akaitikia kwa kichwa.